Palahala wa Shimba Hills: tuwafuge au tuwaache porini?

Mleta hoja, Kisauni:
Jumapili tulivuka feri na watoto tukapanda hifadhi ya Shimba Hills, Kwale. Asubuhi nzima tumezunguka, palahala, yule swala mkubwa, tukamwona mmoja tu: dume jeusi, pembe zimepinda nyuma kama jambia. Kenya nzima, palahala wa porini wamebaki hapo peke yake. Sasa nauliza, kwa nini wasikamatwe wachache wakazalishwa zizini mapema? Chura wa Kihansi kule Tanzania aliokolewa hivyo. Bwawa la umeme lilipokata maji ya maporomoko mwaka 2000, vyura 499 wakapelekwa Marekani. Porini wakaisha kabisa, lakini uzao wao ukarudishwa bondeni mwaka 2012. Bila yale matangi ya vioo tungekuwa tunaonyeshana picha.

Mwalimu mstaafu, Kwale:
Mwanangu, hadithi ya chura umeisimulia nusu. Bonde alilorudishiwa linanyunyiziwa maji kwa mabomba. Mabomba yakizimwa, chura hana kwao. Palahala wetu naye shida yake ni nyasi. Kichaka kikifunga, malisho hakuna. Na mama humficha ndama majanini majuma ya mwanzo, chui anapita hapo hapo. Mzalishe zizini, umrudishe kwenye kichaka kile kile, umemnoneshea chui kitoweo. Pesa hizo ziwekwe kwenye kutunza nyasi.

Wa Likoni:
Halafu palahala kwani anatoweka? Afrika Kusini wako mashambani, wanauzwa mnadani kama ng'ombe.
Tena muulizeni bongo (si Bongo ya Dar, huyu swala wa msituni mwenye pembe). 18 wa uzao wa Marekani walirudishwa Nanyuki mwaka 2004. Kuachiwa kwenye uzio wa msituni uitwao Mawingu kukaanza 2022. Mtoto azaliwe, asome, achukue kitambulisho, bongo bado yuko zizini!

Mji wa Kale:
Wenye jamaa Oman wanalijua la choroa, swala mweupe wa Arabuni. Porini alimalizwa mwaka 1972. Akarudishwa 1982 kutokana na waliofugwa, kundi likakua vizuri tu. Miaka ya tisini majangili wakamrudia. Serikali yenyewe ikaipunguza hifadhi, na mwaka 2007 UNESCO ikaifuta kwenye orodha yake ya urithi wa dunia. Zizi lilifanya kazi yake, jamani. Waliolala ni walinzi.

Mleta hoja:
Wa Likoni, wa mnadani si wa kwetu. Ukileta wale utakuwa umepanda mbegu ngeni ukaita shamba la babu.
Mwalimu, la nyasi nakubali, nililiruka. Lakini hujanijibu hili: wote wako kilima kimoja. Ukiingia ugonjwa mmoja wa mifugo, au moto wa kiangazi, nyasi zako nzuri zitaliwa na nani?

Mwalimu mstaafu:
Hapo umenibana. Basi wachukuliwe wachache, nyasi zikiendelea kutunzwa. Na zizi lijengwe Kwale huku huku, wale majani ya kwao. Sitaki kusikia habari za kuwapeleka Marekani.