Naomba ushauri: baba ana miaka 69, binti yake anataka kumpa figo

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Baba yetu husafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 24, ambaye vipimo vya awali vimeonyesha kuwa wanalingana, amejitolea kumpa figo moja. Hapa Tanzania, ambako upandikizaji ulianza Muhimbili mwaka 2017, figo hutolewa na ndugu walio hai, hivyo baba hamnyang'anyi kijana yeyote nafasi, tofauti na Marekani, ambako umri huhesabiwa katika kugawa figo za marehemu. Hata hivyo daktari mmoja alisoma tarehe ya kuzaliwa, akafunga faili na kusema "umri umekwenda", bila kupima moyo wala mishipa. Hilo sikuliafiki, baba bado hupalilia migomba yake mwenyewe.

Pingamizi la mama ndilo zito zaidi: binti hajazaa, na tumeelezwa kuwa aliyetoa figo huweza kuzaa salama, ila hatari ya shinikizo la damu katika ujauzito huongezeka kiasi.

Je, tuombe tathmini kwa jopo jingine? Na binti apate wapi daktari wake mwenyewe, asiyemtibu baba, wa kumshauri bila shinikizo letu?