Ni vipokezi gani vinavyolegeza misuli ya njia za hewa za punda?

Mwanafunzi wa afya ya mifugo, Lamu
Assalamu alaikum. Punda wa jirani yetu, ambaye hubeba mchanga na saruji, anakohoa na kuhema kwa shida. Vitabu vyangu vinasema kwamba vipokezi (sehemu za seli zinazoshikwa na kemikali na kupokea ujumbe wake) vya beta-2 ndivyo vinavyolegeza misuli laini ya njia za hewa, lakini nimesikia kwamba atropini nayo hufungua kifua. Je, dawa hizi hugusa kipokezi kimoja?

Daktari wa mifugo, Malindi
Waalaikumu salaam, mwanangu. La, ni vipokezi tofauti. Adrenalini, pamoja na dawa zinazoiiga kama klenbuteroli na salbutamoli, hushika beta-2, nacho kipokezi hicho huamsha kimeng'enya kinachoongeza saikliki AMP, kemikali ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, hata kalisiamu ikapungua na misuli ikalegea. Atropini haina nguvu hiyo ya kulegeza. Kazi yake ni kuziba vipokezi vya aina nyingine viitwavyo vya muskarini, hasa kile cha M3, ili asetilikolini, yaani kemikali ya ujumbe inayotoka kwenye neva ya vagasi (neva itokayo ubongoni hadi kifuani na tumboni), isipate pa kushika na kukaza misuli. Nakusihi usiichukulie kuwa dawa ya kila siku, kwa sababu huzuia mwendo wa utumbo, na mnyama wa jamii ya farasi akisimama utumbo huweza kufa kwa msokoto wa tumbo.

Mwalimu wa fiziolojia
Naongezea kwamba mtafiti Ahlquist alitenganisha vipokezi vya adrenalini vya alfa na vya beta mwaka 1948, na beta-1 na beta-2 zikatenganishwa mwaka 1967. Wanyama hawafanani: katika koo la hewa la simbilisi, beta-1 nayo ina sehemu yake katika kulegeza, kwa hiyo matokeo yake yasihamishiwe kwa punda bila kupimwa. Ziko pia neva zinazolegeza kwa gesi ya nitriki oksaidi, ambayo hupenya hadi ndani ya seli bila kupitia kipokezi cha kwenye utando wa seli.

Mwanafunzi wa afya ya mifugo, Lamu
Shukrani, walimu wangu. Je, klenbuteroli ikitumiwa kwa muda mrefu huendelea kufaa?

Daktari wa mifugo, Malindi
Kwa farasi imeonekana kwamba hufifia baada ya wiki kadhaa, kwani seli inayosisimuliwa mfululizo hupunguza vipokezi vyake vya beta-2. Tena dawa hizi hazitulizi uvimbe unaoletwa na vumbi. Mwambie jirani ampumzishe punda na kazi ya saruji, na majani makavu ayaloweshe maji kabla ya kumlisha.