Naomba ushauri: siwa ilipulizwa wakati gani?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naandaa igizo fupi la wanafunzi kuhusu kutawazwa kwa mtawala wa pwani enzi hizo, nimekwama kwenye siwa, lile baragumu kubwa la watawala.

Nimesoma maelezo ya msafara wa Vasco da Gama ulipofika Malindi mwaka 1498. Mfalme ameketi chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu, pembeni mzee kashika upanga mfupi wenye ala ya fedha, na siwa mbili za pembe za ndovu, ndefu kama mtu, zinapulizwa kwa tundu la ubavuni. Raha kusoma, ila pale alikuwa anapokea wageni, hatawazwi. Picha za siwa ya Pate (pembe) na ya Lamu (shaba) nimeziangalia pia; nakshi naziona, utaratibu siuoni. Wazee niliowauliza wananitajia siwa ya harusini tu.

Sasa, kwa mlivyosimuliwa: siwa ilipulizwa kabla mtawala hajakalia kiti, au akishaketi? Na mpulizaji alitoka ukoo maalumu, au yeyote mwenye pumzi?

Yetu tutaichonga kwa mti, pembe tutaitoa wapi! Natanguliza shukrani.