Naomba ushauri: naimba kanisani lakini moyo uko mbali

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Umoja hapa Nairobi. Tangu tumzike mama yangu, nikipiga magoti maneno hayaji. Tulifunga, tulikesha, tukaambiwa amepona. Akafa baada ya siku tisa.

Biblia yake ninayo. Ndani kuna risiti ya dawa, ameikunja mara mbili na kuiweka kwenye Zaburi ya 88. Nimeisoma. Zaburi nyingi za kilio hugeuka sifa mwishoni, hii inaishia gizani. Mama aliisoma akijua anakufa, na bado alfajiri nilimsikia akisema, "Asante Baba." Hilo ndilo linaloniliza kwenye matatu.

Nilipomweleza kiongozi wa kikundi chetu, alisema nina roho ya mashaka, nitubu. Lakini yule baba wa Marko 9:24 alimwambia Yesu anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Mwanawe aliponywa.

Waliopitia haya, mlisalije? Na binti yangu wa miaka saba akiuliza kama Mungu alimpenda shosho, nimjibu nini?