Tupeane uzoefu: bastola ya .22 ya shabaha, ipi inakwama na ipi inakaa mkononi?

Mpandamlima (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nipo Ohio mwaka wa nane sasa. Mwezi wa tatu jamaa mmoja wa kazini alinipeleka kwenye klabu yao ya kulenga shabaha. Nikaazimwa bastola ya .22, yaani ya risasi ndogo za kipenyo cha inchi 0.22, nikaambiwa wao hupiga kwa mkono mmoja, yadi 25, karatasi moja risasi kumi. Kwenye karatasi yangu tukahesabu matundu sita. Ya jirani yangu ilikuwa na kumi na nne.

Tangu siku hiyo silali. Nataka ya kwangu, na nimebanwa kati ya tatu: Ruger Mark IV, Browning Buck Mark na Smith & Wesson SW22 Victory. Zote ni nusu otomatiki, zote zinabeba kumi kwenye magazini, na mtutu wa inchi tano na nusu unaupata kwa kila moja. Dukani naziona kama watoto wa mama mmoja. Naomba aliyeimiliki aseme, si aliyeangalia video. Inakwama? Na inakaaje mkononi?

Mzee wa Ziwani

Mwanangu, mimi nina Ruger Mark II, mtumba, iko nami miaka ishirini na ushee. Kampuni yenyewe ilianza na bastola ya aina hii mwaka 1949, ikiuzwa dola 37 na senti 50, na umbo mpaka leo halijabadilika sana. Kwenye kupiga sina neno. Ukiilisha risasi nzuri inakula tu.

Shida ni kuifunga. Mara ya kwanza niliifungua mezani jikoni saa mbili usiku, nikasafisha, nikafurahi. Saa tano bado ipo vipande. Kuna kijiti kidogo kinaning'inia nyuma ya nyundo, lazima kidondokee kwenye kikombe cha springi ndani ya mshiko. Kisipodondoka, kile kibati cha nyuma kinafunga nusu na kugoma. Unainua mdomo wa bastola juu, unaushusha chini, unatikisa. Mama watoto akapita, akaniuliza kama nimeapa. Siri niliipewa klabuni baadaye: nyundo iwe imelala kabla hujaanza, halafu uiache nguvu ya mvutano wa dunia ifanye kazi. Sasa nafunga kwa dakika mbili.

Hiyo Mark IV ya 2016 wameondoa adha hiyo. Kuna kitufe nyuma, unabonyeza, inakunjuka kama kufuli la sanduku. Ila ukinunua ya mkononi kwa mtu, uliza imetengenezwa lini. Za kabla ya Juni 2017 ziliitwa kiwandani, kwa sababu kitasa cha usalama kikibaki katikati, si juu si chini, bastola ingeweza kufyatuka. Hakikisha ilirudishwa ikarekebishwa.

BintiTanga

Shikamoo mzee. Mimi ni Buck Mark, mwaka wa nne, na kilichonivutia ni mshiko. Vidole vyangu ni vifupi. Ile ya Ruger ya kawaida mshiko wake umelala sana, nikiinua mkono mtutu unaangalia dari. Buck Mark ina pembe karibu na ile ya 1911, bastola ya zamani ya jeshi la Marekani, naikuta shabaha bila kukunja kifundo. Triga yake tangu dukani ilivutika laini, inakatika kama biskuti.

Sasa niwape aibu yangu. Ili uisafishe vizuri unatoa lile bapa la juu lililobeba kilengeo cha nyuma, skrubu mbili za funguo ya L. Jumamosi moja nikasafisha, nikarudisha, nikaenda kupiga. Risasi tatu za kwanza kushoto, nikasogeza kilengeo. Mbili zikaenda juu, nikashusha. Nusu saa nazungusha vile vidude, tik tik tik, na matundu yametawanyika karatasi nzima kama mbegu za mtama. Nikamlaumu mume wangu kwa kunichekesha. Kugusa lile bapa kwa kidole, linacheza! Skrubu nilizipachika, sikuzikaza. Tangu hapo funguo ya L inakaa kwenye begi la risasi.

Mkamba wa Dallas

Wazee, nina Victory. Skrubu moja tu mbele ya kilinda triga, unafungua, sehemu ya juu yote inatoka, na mtutu unaweza kubadilisha mwenyewe. Kwa mtu mvivu kama mimi hiyo ni neema.

Kukwama? Mwezi wa kwanza ilikwama mpaka nikataka kuiuza. Kila magazini mbili, klik, hakuna mlio. Nilikuwa nimenunua ndoo nzima ya risasi za bei chee, zile za madini ya risasi yasiyovikwa shaba, zenye nta, kampuni siitaji. Mzungu mmoja klabuni, babu wa miaka themanini hivi, akaichukua ile iliyogoma, akaigeuza nusu duara, akairudisha. Pa! Akanieleza kwamba .22 haina kiwashio katikati. Unga wa kuwashia umesambazwa ndani ya ukingo wa kitako, na kwenye risasi za hovyo haufiki kila upande. Pini ikigonga palipo patupu, hupati kitu.

Nikahamia risasi za CCI Standard Velocity, zile za futi 1,070 kwa sekunde. Mia tano za kwanza, mkwamo mmoja. Ndoo ile bado ipo, namfundishia mwanangu kuondoa mkwamo.

Na ikigoma usiichungulie! Mdomo ubaki kwenye shabaha, hesabu thelathini kwanza. Baruti nyingine huchelewa.

Kipute

Nyie mna hela za kuchoma. Mimi hiyo bei nanunua mbuzi.

Mkamba wa Dallas

Mbuzi pia hukwama, @Kipute.

Mkono Mmoja

Nimesoma yote. Mimi napiga mashindano ya 2700, yaani risasi 270 kwa siku, kila moja alama zisizozidi kumi, tisini zikiwa za .22. Nimemiliki Ruger mbili na sasa napigia S&W Model 41, mkongwe wa tangu 1957. Hiyo 41 ni ya kudekezwa. Chemba yake imebana, ukiipa risasi isiyoipenda inanuna.

Kijana, kutokukwama kwa hizo tatu hakutofautiani kiasi cha kukukosesha usingizi. Kinachokwamisha ni magazini na uchafu. Hizi magazini zina kitufe pembeni cha kushushia springi. Watu wanakivuta mpaka chini, wanamwaga risasi ndani kama njugu, kisha wanashangaa ya tatu imeinama pua. Shusha kidogo kidogo, weka moja, shusha, weka moja. Halafu chukua mswaki wa zamani, sugua ule ukucha unaovuta ganda. Masizi ya .22 yakijaa pale, ganda linabaki ndani. Kwenye zamu ya risasi tano kwa sekunde kumi huna muda wa kulibembeleza.

Kwa hiyo chagua kwa mkono. Azima zote. Bastola iwe tupu, magazini nje, chemba umeikagua kwa jicho na kwa kidole. Elekea kwenye shabaha, fumba macho, inua mkono, fumbua. Kilengeo cha mbele kikikaa ndani ya cha nyuma bila kurekebisha kifundo, hiyo ni yako. Kikichomoza juu, jaribu Ruger 22/45, ileile lakini mshiko umesimama zaidi. Na usidharau uzito. Mark IV Target ya chuma inakaribia kilo moja na robo. Kwa mkono mmoja, kufika risasi ya sitini, utajua.

Mgeni Houston

Samahani wakuu, mimi nipo kwa viza ya mwanafunzi. Naweza kununua?

Mzee wa Ziwani

Mwanangu, hapana, usijaze fomu yoyote kwa kubahatisha. Sheria ya hapa inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki, isipokuwa kwa vipengele vichache kama leseni ya uwindaji. Mwone mwanasheria kwanza. Mwenye kadi ya kijani ni habari nyingine.

Mpandamlima

Wakuu, nimerudi. Nilifanya lile jaribio la kufumba macho. Mark IV iliangalia taa za dari, kama alivyosema dada. Victory ilikuja karibu, ila mshiko ulinijaa sana kiganjani. Buck Mark ikakaa. Nimepata mtumba kwa mwanachama, safi, leo nimepiga mia mbili. Imekwama mara tatu, zote kwenye boksi la kwanza alilonipa yeye bure, nikajua kwa nini ni la bure. Karatasi ya mwisho, matundu tisa ni yangu. La kumi sijui liliko. Ila tangu saa nne kundi la matundu lilikuwa linahama kulia pole pole.

BintiTanga

Hongera kaka. Skrubu za juu umezikaza?

Mpandamlima

Ngoja nishuke garini nikaangalie.