Mama ana kolonoskopi Alhamisi: je, anaweza kumaliza dawa yote jioni?

Mjukuu wa Pangani

Shikamooni wakubwa, na kwa wenzangu habari za leo. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 61, amepangiwa kolonoskopi (kipimo cha kuangalia ndani ya utumbo mpana kwa kamera) Alhamisi saa nne asubuhi kwa sababu anapata damu kwenye choo na vipimo vimeonyesha ana upungufu wa damu. Amepewa dawa ya kusafisha tumbo, unga wa poliethilini glaikoli wa kuchanganya na maji lita 4, na karatasi ya maelekezo inasema anywe lita 2 Jumatano jioni na lita 2 zilizobaki kuanzia saa kumi alfajiri. Yeye anaona ni mateso kuamka saa hizo kunywa maji ya chumvichumvi, hivyo anataka azimalize zote kabla ya kulala. Je, kuna ubaya? Naomba pia ufafanuzi kuhusu chakula, maana karatasi imeandika tu "chakula laini", na mama anatumia dawa za kisukari pamoja na vidonge vya kuongeza damu.

Muuguzi wa Zamu

Marahaba. Nimefanya kazi kwenye chumba cha endoskopi kwa miaka kadhaa, na ninakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: usikubali airuke sehemu ya alfajiri. Hata mtu akilala tumbo likiwa tupu, utumbo mwembamba hauachi kumimina nyongo na majimaji mengine usiku kucha, nayo hushukia mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia, na kutanda ukutani kama uji ulioganda kwenye sufuria. Vivimbe vya upande huo mara nyingi ni bapa, havina kikonyo, kwa hiyo utando mwembamba tu unatosha kuvificha, na daktari atamaliza kipimo akiamini kwamba hakuna kitu. Dozi ya pili ndiyo inayoosha upande huo. Kwa miadi ya saa nne, aanze saa kumi alfajiri, amalize kwenye saa kumi na mbili, na ikifika saa mbili asionje chochote, hata maji, kwa sababu ya dawa ya usingizi. Hospitali ikitaja muda mrefu zaidi, fuateni wa hospitali.

Dawa ikishapoa kwenye friji hunyweka kwa urahisi zaidi. Anywe glasi ya mililita 250 kila baada ya dakika 10 hadi 15, kwa mrija unaofika nyuma ya ulimi, na akisikia kichefuchefu apumzike nusu saa ndipo aendelee. Vidonge vya kuongeza damu kwa kawaida huachwa siku 5 hadi 7 kabla, kwa kuwa madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi na cha kunata kama lami. Kama bado anavimeza, wapigie simu hospitali leo hii.

Baba Zuhura

Kuhusu chakula, mimi nilirudishwa nyumbani kipimo kikiwa nusu, na kosa lilikuwa langu. Nilidhani "chakula laini" ni chakula kinachotafunika kwa urahisi, nikala mchicha na kunywa juisi ya pasheni siku mbili kabla. Mbegu zikaziba njia ya kunyonyea maji kwenye ile kamera, ikabidi nirudie dawa yote wiki iliyofuata. Kinachotakiwa ni chakula kisichoacha makapi: wali mweupe, ugali wa sembe (si dona), mkate mweupe, mayai, samaki au kuku asiye na ngozi. Maharage, mboga za majani, karanga, mapera na nyanya zenye mbegu aviache siku mbili tatu kabla. Jumatano yenyewe, kama karatasi haisemi vingine, abaki na vinywaji vinavyopitisha mwanga: chai ya rangi, supu ya kuku iliyochujwa, juisi ya tufaha. Rozela asiiguse, kwa sababu wekundu wake hufanana na damu.

Mfamasia wa Mtaani

Dozi za kisukari lazima zipangwe na daktari wake kabla ya Jumatano, kwa sababu mtu asiyekula huku akimeza dawa kama glibenklamaidi anaweza kushukwa na sukari ghafla. Apimwe sukari mara kwa mara siku hiyo, na akitokwa jasho, akitetemeka au akianza kuongea ovyo, apewe maji ya sukari mara moja. Vilevile, msibadilishe dawa aliyopewa kwa ile ya fosfeti eti kwa kuwa ni kidogo kuinywa: inaweza kuumiza figo, na mwenye kisukari hapaswi kuicheza bahati nasibu hiyo.

Mjukuu wa Pangani

Nimewaelewa, asanteni sana. Tutajuaje kwamba ameshasafika?

Muuguzi wa Zamu

Mtaona maji ya njano kama mkojo, yasiyo na vipande, kiasi cha kuona chini ya chombo. Mawingumawingu kidogo si tatizo, lakini kama alfajiri bado yanatoka ya kahawia, pigeni simu kabla ya kuondoka nyumbani, kwa kuwa huenda akaongezewa dawa. Akitapika mfululizo au tumbo likimuuma sana na kujaa, aache kunywa na apelekwe hospitali. Mpake mafuta ya mgando kwenye sehemu ya haja kubwa mapema, kabla ngozi haijachubuka, na umsindikize wewe mwenyewe, kwani baada ya dawa ya usingizi hataruhusiwa kurudi peke yake.