Ngamiani, Makorora au Raskazone: mtaa upi unafundisha zaidi jiografia ya Tanga?

Mwalimu wa Kidato cha Pili
Ndugu wanajukwaa, ninaandaa matembezi ya asubuhi moja kwa wanafunzi wanaojifunza kusoma ramani, nami ninasita kati ya Raskazone, Ngamiani na Makorora. Ninatafuta mahali ambapo mwanafunzi ataona kwa macho yake kwa nini mji wetu umekaa ulivyokaa. Naomba mnilinganishie.

Mzawa wa Ngamiani
Mwalimu, chagua Ngamiani. Ujenzi wa reli ulianza hapa Tanga mwaka 1893, na njia hiyo ikawa mpaka ndani ya mji: kaskazini yake, kuelekea bandarini, zikakaa ofisi za serikali na maduka makubwa, na kusini yake wakaishi Waafrika, wakiwamo wengi walioletwa na kazi za bandari, reli na mkonge. Barabara zetu zimenyooka sambamba na zina namba badala ya majina, hivyo mgeni akielekezwa Barabara ya Kumi na Mbili hafiki mbali kabla ya kuiona. Wanafunzi wapime pia nyumba ya Kiswahili, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, kisha walinganishe ukubwa wa kiwanja chake na viwanja vya Raskazone. Tofauti hiyo peke yake inaeleza mipango miji ya kikoloni kuliko kitabu chochote cha kiada.

Binti wa Raskazone
Hoja ya reli naikubali, lakini reli yenyewe ilijengwa kwa sababu ya bandari, na bandari haieleweki mpaka uitazame ghuba. Ukiwa upande wa Raskazone unaona jinsi rasi inavyoikinga ghuba, na unakiona Kisiwa cha Toten chenye magofu ya misikiti na makaburi. Mwezi wa Novemba 1914 jeshi la Waingereza, ambalo askari wake wengi walitoka India, liliteremka upande huu, likasonga kuelekea mjini na kushindwa na kikosi cha Wajerumani chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck. Hata hivyo nakiri kwamba mtaa huu una kuta ndefu na watu wachache wa kuzungumza nao, na hilo ni pungufu kubwa kwa wanafunzi.

Mkaazi wa Makorora
Huku tuna soko zuri na watu wakarimu, lakini kwa asubuhi moja msije. Mtaa wetu unaeleweka vizuri kwa mtu aliyekwisha kuijua Ngamiani.

Mzawa wa Ngamiani
Dada wa Raskazone amenisaidia bila kukusudia, kwa kuwa sehemu ya kikosi hicho cha Wajerumani cha 1914 ililetwa kwa treni kutoka Moshi. Ghuba na reli ni somo moja. Tatizo ni jua na umbali. Kwa miguu, huwezi kuvifikia vyote kabla ya adhuhuri.

Mwalimu wa Kidato cha Pili
Nawashukuru nyote. Tutaanzia stesheni, tuvuke reli na kuingia Ngamiani, na Raskazone tutaiwekea siku yake muhula ujao. Je, kuna utaratibu wa kufuata?

Mzawa wa Ngamiani
Mwone kwanza mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wanafunzi wachore wakiwa barazani, baada ya kubisha hodi na kukaribishwa, na wasiingie uani, maana huko ni sitara ya kina mama.